Mwanga wa Jioni Unaobaki Kigoma

Mtu anayehamia Kigoma akitokea pwani hushangazwa na jua katika wiki yake ya kwanza. Saa kumi na mbili jioni, wakati ambapo Dar es Salaam kumekaribia kuingia giza, huku kwetu jua bado limening'inia juu ya Ziwa Tanganyika na watoto bado wanaogelea. Saa zetu ni zile zile za nchi nzima, lakini sisi tuko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam, na ikifika Februari saa moja jioni inapita nalo likiwa bado linaonekana. Nimezaliwa Ujiji, nimefanya kazi mjini Kigoma kwa miaka 19, na kwa miaka 15 ya mwanzo sikuwahi kujiuliza mwanga ule wa ziada ungeweza kunifaa kwa nini. Nilikuwa nautumia kumalizia makaratasi.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo inayoshuka kutoka kwenye treni na malori, kisha kupakiwa melini au kwenye maboti ya mbao kuelekea Bujumbura, Uvira na Kalemie: saruji, sukari, unga, mabati, na chumvi ya Uvinza. Kila shehena ina ankara yake, uzito wake, thamani yake na namba za sili zake, yaani lakiri za kufungia mzigo, na tarakimu moja ikikosewa, boti haliondoki. Mwenye mali anapiga simu kutoka ng'ambo, nahodha anapiga simu kutoka gatini, na makuli waliokwisha kukusanyika wanadai ujira wa siku waliyopoteza. Simu yangu ilikuwa ikilala chini ya mto. Niliipenda kazi hii na bado naipenda, kwa sababu imesomesha watoto wangu na imenipa heshima, ila kulikuwa na jambo lililokuwa likinipotea kidogo kidogo bila mimi kulijua. Nikiitazama meli ikiingia bandarini, nilichokiona ni tani. Nikiwaona kina mama wa Kibirizi, ufuko wa wavuvi, wakianika dagaa, nilichokiona ni magunia. Nilikuwa nikirudi nyumbani, mtaa wa Mwanga, nimechoka kiasi kwamba mume wangu aliponiuliza habari za mjini sikuwa na chochote cha kumsimulia, ingawa nilikuwa nimeupita mji mzima mara mbili kwa siku.

Siku iliyogeuza mambo haikuwa na dalili yoyote ya kugeuza jambo. Mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, hakuna hati iliyoweza kutumwa, nami nilikuwa nimeteremka Kibirizi kumsubiri mwenye boti ambaye naye alikuwa akinisubiri mimi. Pembeni, juu ya magogo, kulikuwa na boti jipya ambalo mafundi walikuwa wamemaliza kulitia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao zake, na mzee mmoja alikuwa akiandika jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, kisha nikakaa kwenye ubao nikiitazama simu ambayo haikuwa na la kunionyesha. Baada ya muda mrefu alisema, "Mwanangu, naona simu imekukatalia. Njoo unijazie hii herufi kabla jua halijaniacha." Alikuwa amechora ukingo wa herufi ya R, ndefu kama mkono wangu, na alichotaka ni nijaze ndani yake bila kutoka nje ya mstari.

Nilijaza. Sikumbuki ilichukua dakika ngapi, na huko kutokumbuka ndiko kulikonishtua, kwa kuwa mimi ni mtu ninayejua saa hata nikiwa usingizini. Nilikumbuka tu ule uzito wa brashi iliyoshiba rangi, jinsi ubao uliopigwa msasa unavyoivuta rangi kwa ulaini na jinsi kifundo cha mti kinavyoikataa, na jinsi nilivyokuwa nimeacha kupumua nilipofika kwenye mkunjo wa R. Niliporudi nyumbani jioni ile nilikuwa na rangi nyekundu kwenye kucha, na nilimsimulia mume wangu habari ya herufi moja kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsimulia habari ya meli nzima.

Wiki iliyofuata nilirudi Kibirizi, safari hii bila sababu ya kikazi, nikamwomba yule mzee anifundishe. Hakuwa na mafunzo ya darasani. Kwa maisha yake yote alikuwa ameandika majina ya maboti, mabango ya maduka na kuta za migahawa. Alinituma dukani, kwenye duka la kawaida la vifaa vya ujenzi, kununua makopo madogo ya rangi ya mafuta: nyekundu, manjano, bluu, nyeusi, na kopo la nyeupe lililo kubwa kuliko yote, kwa kuwa nyeupe, alisema, ndiyo chumvi ya rangi na kila chungu kitaihitaji. Kwa seremala nilipata vipande vya hadibodi vilivyobaki kwenye kazi ya dari. Nilikuwa nimedhani uchoraji ni jambo la watu wenye turubai na vifaa vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, mpaka nilipokumbuka kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 huku akiishi kwa vibarua, alianza na vitu hivi hivi: ubao wa hadibodi na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, yaani alipata takribani miaka minne tu ya kuchora, na mtindo wake hadi leo unawalisha watu. Sikuwa na nia ya kumfuata katika mtindo, lakini vifaa vyake viliniondolea kisingizio.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya tope, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu wengi huishia hapo. Rangi ya mafuta ina tabia yake. Hukauka kuanzia juu, ikajitengenezea ngozi nyembamba huku chini ikiwa bado mbichi, na ukiharakisha kuweka tabaka la pili juu ya ngozi hiyo, yote hujikunja kama maziwa yaliyoganda. Nami nilikuwa mtu wa kuharakisha. Ndiyo kazi iliyonilea hivyo. Nilipopeleka ubao wangu wa kwanza, ambao ziwa lake lilikuwa limejaa mikunjo, mzee aliugusa kwa kidole akasema, "Rangi haitaki kuchokozwa. Ukiichokoza inakunja uso." Kosa langu la pili lilikuwa kuchanganya. Nilipotaka kijani nilitia bluu na manjano, nikaona imezidi kung'aa nikatia nyekundu kidogo, nikaona imekuwa nzito nikatia nyeupe, na baada ya hapo nilikuwa na kitu cha rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nilijifunza kwamba rangi mbili huzungumza, tatu hubishana, na nne hazisikilizani, na kwamba mara nyingi dawa ya rangi iliyoharibika ni kuiacha, kufuta kibao cha kuchanganyia na kuanza na mbili safi.

Muda niliupata kwa kukaa na familia na kuwaomba. Hili nalisema waziwazi kwa sababu nimesikia wanawake wengi wakisema hawana nafasi, na ni kweli hawana, nami nisingekuwa nayo kama ningeisubiri ije yenyewe. Tulikubaliana siku mbili katika wiki, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi adhana ya Magharibi. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha pili, alichukua jukumu la kupika jioni hizo, na kwa mwezi mzima tulikula ugali wenye madonge na dagaa waliozama kwenye mawese, lakini sasa anapika migebuka, samaki wetu wa ziwani, vizuri kuliko mimi. Simu iliachwa ndani, mikononi mwa msaidizi wangu wa ofisini kwa maana ya kwamba wateja walijulishwa kumpigia yeye. Adhana ilipolia, niliifunika rangi, nikaosha brashi kwa thina, nikanawa, nikasali. Kuwa na mwisho usioweza kujadiliwa kulinisaidia kuliko nilivyotarajia: kwa kuwa nilijua nina kama saa moja na nusu tu, sikuwa na nafasi ya kuwaza ofisi.

Si kila mtu aliyefurahi. Shangazi yangu wa Ujiji aliniambia kwa upole kwamba kupaka rangi ni kazi ya watoto wa shule na ya vijana wasio na ajira, na kwamba mtu mwenye ofisi hujivunjia heshima akionekana na brashi uani. Sikumjibu kwa ukali, kwani anaongea kwa mapenzi. Nilimweleza habari za Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, akasomea sanaa Makerere na baadaye London, na ambaye nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 alikuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Alikuwa mchoraji kabla ya ubalozi na alibaki mchoraji baada yake. Alichora watu wa kijijini wakilima, wakivuna na kubeba mizigo, huku akibeba mambo ya serikali. Shangazi alinyamaza kidogo, akauliza kama balozi huyo alikuwa na mke wa kumpikia. Swali lake lilikuwa la haki, na lilinirudisha kwenye shukrani kwa mwanangu na ugali wake.

Kilichobadilika kwanza kilikuwa macho. Mtu akikwambia ziwa ni la bluu, unakubali kwa kuwa huna sababu ya kukataa, lakini ukisimama na kibao cha rangi mkononi unalazimika kujibu ni bluu ipi, na hapo ndipo unapogundua kwamba umeishi kando ya ziwa miaka 40 bila kulitazama. Karibu na ufuko wa Katonga maji ni ya kijani hafifu kwa sababu mchanga uko karibu. Mbele kidogo, chini kunapoporomoka ghafla, rangi inakuwa nzito kama wino, na si ajabu, kwa ziwa ambalo kina chake kinazidi mita 1,400 na ambalo duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Kiangazi, moshi wa mashamba na vumbi hufunika ng'ambo, na Kongo hupotea kabisa, pakabaki ukungu wa rangi ya majivu usiojua wapi maji yanaishia na wapi mbingu inaanzia. Mvua za kwanza zikinyesha, milima ile inatokea asubuhi moja kana kwamba imesogezwa usiku, na ukitazama vizuri unaona si ya kijani, ni ya zambarau, kwa kuwa hewa iliyo katikati imekwisha kuipaka rangi kabla yako. Nilikuwa nikiyaona haya nikiwa njiani kwenda gatini, na nikifika nilikuwa nimeshatulia.

Kazini mzigo haukupungua, na sitaki mtu adhani kwamba uchoraji ulinipunguzia hata hati moja. Kilichopungua ni ile haraka iliyokuwa ikinifanya nikosee. Mtu aliyezoea kukagua ukingo wa rangi kwa jicho la karibu hukagua namba za sili kwa jicho hilo hilo, na msaidizi wangu aliniambia, baada ya kama mwaka mmoja, kwamba nilikuwa nimeacha kumfokea. Sikuwa najua kwamba nilikuwa namfokea. Nilimwomba radhi.

Kisha nikafanya kosa ambalo nusura linipokonye yote. Watu walianza kuziona picha, na mwenye nyumba ya wageni mmoja aliniagiza picha sita za meli ya Liemba kwa ajili ya vyumba vyake, zote za ukubwa mmoja, zote zenye machweo, na akataka zikamilike ndani ya wiki tano. Nilifurahi sana. Nilisoma habari za meli ile kwa bidii: jinsi ilivyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikavunjwa vipande na kufungwa kwenye makasha, ikasafirishwa hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914, jinsi Wajerumani wenyewe walivyoizamisha mwaka 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina ililo nalo hadi leo. Picha ya kwanza niliichora na habari hizo zote moyoni, na naamini inaonekana. Ya pili ilikuwa nzuri. Kufikia ya nne nilikuwa nahesabu madirisha ya mviringo bila kuyaona, nikichora usiku chini ya taa ya umeme, nikiwa nimevunja ahadi ya adhana, nikimwambia mwanangu asinisumbue. Ilikuwa shehena nyingine, yenye tarehe yake na mteja wake na simu zake. Nilikabidhi picha sita, nikapokea fedha zangu kwa haki, kisha kwa miezi miwili sikugusa brashi, na nilipolifungua kopo la bluu nilikuta limeota ngozi nene ya kukatwa kwa kisu.

Siwalaumu wanaouza, yule mzee wa Kibirizi ameuza kila herufi aliyoiandika na furaha yake ni nzima. Lakini yeye hiyo ndiyo kazi yake, naye ana jambo lingine la kumpumzisha, bao la jioni chini ya mwembe. Mimi nilikuwa tayari na kazi inayonilipa, na nilichokitafuta kwenye brashi kilikuwa kitu kisichodaiwa na mtu. Tangu hapo nimetoa picha kwenye harusi, kwenye arubaini ya mtoto, kwa jirani aliyehamia Kasulu; agizo sijapokea tena.

Kilichonirudisha kilikuwa giza. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Kwa asiyeijua Kigoma, lazima nieleze maana yake kwa macho. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na katika usiku usio na mbalamwezi ziwa lote hujaa nuru, safu kwa safu, hata mgeni hudhani kuna mji mwingine ng'ambo ya bandari. Tumekulia chini ya taa zile. Hupumzika siku chache mwezi unapopevuka, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa palipo na mwanga wa mbalamwezi, kisha hurudi. Safari hii hazikurudi. Kibirizi palikuwa kimya, vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu, bei ya dagaa sokoni ilipanda, na nyumba nyingi zilipata shida ya kweli ambayo mimi, mwenye mshahara, sina haki ya kuipamba. Lakini nilipokuwa nikikaa barazani usiku na kutazama chini kuelekea ziwani, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe: ziwa lenyewe, usiku, bila taa.

Giza halichoreki gizani. Ilinibidi nikae usiku nikitazama, niyashike kwa akili niliyoyaona, kisha nisubiri hadi Jumanne au Alhamisi jioni niyaweke kwenye ubao kwa mwanga wa jua. Siku hizo mbili tatu za kungoja ziligeuka kuwa sehemu tamu kuliko zote. Nilikuwa nikikaa ofisini nikiandika uzito wa saruji huku sehemu moja ya akili ikilinda, kama mtu aliyebeba maji kichwani, kumbukumbu ya mahali ambapo giza la maji linakutana na giza la mlima. Nyeusi ya kopo haikufaa hata kidogo. Ilikaa juu ya ubao kama shimo. Ilinibidi kulitengeneza giza kwa bluu na kahawia, jembamba, tabaka baada ya tabaka, nikiliacha kila tabaka likauke siku kadhaa kabla ya lingine. Maji yalitaka bluu zaidi, nchi kavu ilitaka kahawia zaidi, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiukaribia ubao unaona mraba mweusi tu, na ukirudi nyuma hatua tatu, pwani nzima inajitokeza. Picha ile, yenye upana wa mikono miwili, ilinichukua muda wote wa kufungwa kwa ziwa. Sikuwa na haraka nayo, na haikukunja uso hata mara moja.

Ziwa lilipofunguliwa tulikaa barazani watu watano, tukisubiri. Taa zilianza kutoka upande wa kaskazini, moja, kisha nyingi kwa mpigo, na kutoka nyumba za chini tukasikia watu wakipiga vigelegele. Alhamisi iliyofuata nilichukua brashi nyembamba na manjano iliyotiwa nyeupe nikiwa nimekusudia kuziweka taa zile juu ya giza langu. Nilisimama hadi adhana. Kisha nikaiosha brashi ikiwa haijagusa ubao.

Yule mzee alikuja nyumbani siku ya Idi, akiwa na fimbo sasa, na mwanangu akamletea kahawa. Picha ile ilikuwa imeegemezwa ukutani sebuleni bila fremu. Aliitazama kwanza akiwa amekaa, kisha akaomba ashikwe mkono asimame, akarudi nyuma hatua kadhaa hadi mgongo ukagusa mlango. Nilisubiri aniulize ni nini. Badala yake alisogea tena, akanyoosha kidole na kukiweka mahali ambapo sikuwa nimechora kitu chochote ila kahawia juu ya bluu.

"Hapa," alisema, "ndipo ulipoijaza ile herufi."